Mzee wa Ndizi

Bisibo, Biharamulo
Jumatatu, 6 Novemba 2023

Mwanangu Fabrice,

Pokea salamu za hapa nyumbani, na uzipokee moja moja, kwa sababu kila mtu amenisimamia begani akitaka yake iandikwe peke yake. Mama yako mdogo Anjelika anakusalimu na anauliza kama unakula. Dada yako Jovina anakusalimu. Amejifungua mtoto wa kike, mama na mtoto ni wazima, na mtoto ana sauti ya kuitisha mkutano. Mbuzi mweusi hakusalimu, ila amekula miche ya kabichi ya jirani na tumeitwa kuelezwa. Mvua imeanza vizuri. Maharage tumeyapanda upande wa chini, karibu na migomba.

Utashangaa kupata barua wakati simu ninayo. Sababu ni mbili. Ya kwanza, tangu katikati ya Oktoba mtandao wa huko Ngara umekuwa mbaya kila ninapopiga mimi. Jovina akipiga, mtandao unakuwa mzuri mpaka anasikia wenzako wakifua nguo. Mimi si fundi wa minara, kwa hiyo siulizi. Ya pili ni kwamba kwenye karatasi l yangu na r yangu hukaa kila moja kwake. Mdomoni huwa zinatembeleana, hilo unalijua. Kalamu haina ulimi, nami nina muda wa kuchagua.

Nakujulisha kwamba ile safari yangu ya kuja chuoni kwenu, Jumapili ya tarehe kumi na tano, niliimaliza salama. Basi la kurudi liliharibika kidogo Benako, tukashuka, tukapanda. Nikiwa ndani ya basi nilirudia neno kwa neno lile somo mlilonipa nisome, kama mzee wa kanisa mgeni, mbele ya umoja wenu wa wanafunzi Wakristo, pale Bwana anapowaaga wanafunzi wake na kuwaambia anakwenda kuwaandalia mahali. Nilikuwa najiuliza walicheka nini. Tulipofika Lusahunga ndipo nikagundua. Nilisoma mahari. Vijana mia mbili nimewaahidi kwamba mbinguni wanaandaliwa mahari. Ukiangalia umri wao, labda ilikuwa habari njema.

Yule msaidizi wako, Derick, alikuuliza neno mlangoni baada ya kicheko, nawe ukamjibu. Mimi nilikuwa nyuma ya ubao wa mlango natafuta kofia yangu. Sitaandika ulichomjibu, kwa sababu barua hii anaibeba Samweli kondakta, na Samweli anajua kusoma. Nilichofanya ni kubeba ile mikungu mitatu niliyokuletea wewe, nikaipeleka jikoni, kama ulivyomjibu. Wapishi walinipokea vizuri. Walinipa uji, wakaniuliza nitaleta tena lini. Nikawaambia nitamuuliza mwenyekiti.

Sasa nakuuliza, mwenyekiti.

Ni mimi baba yako mdogo,
Idefonsi Niyongabo


Chuoni, Ngara
Jumamosi, 2 Desemba 2023

Baba mdogo mpendwa,

Shikamoo. Bwana Yesu asifiwe sana. Nimeipokea barua yako kwa furaha kubwa, na kwa neema ya Mungu mimi ni mzima wa afya, masomo yanaendelea, Bwana asifiwe. Mpe Jovina hongera, mwambie mtoto namwombea. Mama mdogo mwambie nakula. Pole kwa habari ya mbuzi.

Baba mdogo, huduma huku imekuwa kubwa kuliko nilivyotegemea nilipochaguliwa. Tuna maombi Jumatano, tuna mafundisho Ijumaa, na Jumapili ndiyo kama ulivyoona. Muhula huu nimefundisha mfululizo kuhusu kijana Mkristo na uaminifu katika mambo madogo, na vijana wengi wamebarikiwa, Bwana asifiwe. Mkuu wa chuo mwenyewe alisema tangu tushike uongozi nidhamu imepanda.

Kuhusu siku ile, nisamehe kwamba sikupata nafasi ya kukaa na wewe. Kulikuwa na kikao cha kamati mara baada ya ibada na mimi ndiye nilitakiwa kukiongoza. Wapishi walishukuru sana kwa ndizi. Kuhusu vijana kucheka, naomba usiwachukulie vibaya, ni vijana tu, wanacheka na mimi pia nikikosea. Na kuhusu mtandao ni kweli, mnara wa huku unasumbua.

Krismasi sitaweza kuja, kamati imeniomba nibaki niongoze ibada ya wanafunzi wasiosafiri. Najua utanielewa kwa kuwa wewe pia ni mzee wa kanisa na unajua uzito wa huduma. Na wewe usijisumbue kuja tena huku, barabara ni ndefu na mgongo wako naujua.

Bwana asifiwe.

Mwanao katika Kristo,
Fabrice Marcel
Mwenyekiti


Bisibo
Ijumaa, 29 Desemba 2023

Mwanangu,

Marahaba. Krismasi imepita. Tulikula, tukaimba, na Anjelika akapakua sahani yako kwa mazoea, akabaki ameishika. Mbuzi mweusi hatunaye tena, naye alikuwa Krismasi yenyewe. Mtoto wa Jovina amebatizwa, anaitwa Avelina. Alimlilia mchungaji tangu mwanzo mpaka mwisho, na waumini wakasema ana roho ya maombi.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Ina Bwana asifiwe nne na kikao kimoja. Mwishoni umeweka na cheo. Mimi sikuwahi kuletewa barua na mwenyekiti, isipokuwa ile ya kijiji kuhusu mbuzi.

Safari hii barua sijampa Samweli. Anakuja nayo Dafroza, binti wa jirani yetu Theonest, ambaye ameanza mwaka wa kwanza hapo chuoni kwenu na alikuwa likizo. Dafroza ni Mkatoliki, anasali kwao, kwa hiyo ya Oktoba hakuyaona. Nimeifunga kwa gundi ya uji. Sasa naweza kuandika.

Derick alikuuliza hivi: "Mwenyekiti, huyu mzee ni wa kwenu?" Ukasema, "Hapana bwana. Ni mzee anayetuletea ndizi za jikoni. Mrundi fulani wa huko Biharamulo." Mkacheka wote wawili. Kicheko chako nakijua tangu hakina meno.

Masikio yangu ni mabovu kwa mambo mengi, lakini hilo yalilishika lote. Nilipotokea nyuma ya mlango uliniona. Ulikuwa umeshika Biblia kifuani, na uso ulikuwa kama wa mtu aliyefunguliwa mlango akiwa bafuni. Ningeweza kukuita jina lako la nyumbani pale pale. Nikaona umejenga kibanda cha haraka mbele ya rafiki yako, nikasema nisikibomoe na wewe umo ndani. Nikasema, "Mwenyekiti, jikoni ni upande gani?" Nawe ukanionyesha kwa kidole. Kidole hakikutetemeka. Nilikiangalia.

Kuna mfano wa namna hii kwenye Biblia, wewe unaujua kuliko mimi, na najua utataka kuukimbilia ili ulie vizuri. Usiukimbilie. Yule aliulizwa na watu wa kuhani mkuu, na mwenzake alikuwa anapelekwa kuuawa. Wewe uliulizwa na Derick, na Derick alikuwa na biskuti mkononi.

Dafroza amenieleza jambo ambalo wewe hukuniandikia. Anasema amesikia kwa wenzake wa bwenini kwamba mwezi wa nne wanaomaliza uongozi wa umoja wenu huombewa, na kila mmoja husimama mbele na mzazi wake, na mzazi huweka mkono kichwani kwa mwanawe na kumwombea kwa sauti. Kwa sauti, mbele ya watu wote. Nikaelewa kwa nini mgongo wangu umekuwa na mtu wa kuuhurumia.

Sitakuuliza kama nije. Nakuuliza utamweka nani pale?

Baba yako mdogo,
Idefonsi


Chuoni, Ngara
Jumapili, 3 Machi 2024

Baba mdogo,

Shikamoo. Mama mdogo shikamoo. Sijui kama mko wazima, kwa kuwa miezi miwili sikuuliza. Dafroza ameniambia Theonest aliumwa na amepona. Jina la Avelina ni zuri.

Barua hii nimeianza mara nyingi. Ya kwanza ilikuwa kurasa nne na ilikuwa na mistari ya Biblia kila aya. Niliichana kwa sababu nilipoisoma niliona inaweza kuhubiriwa.

Ni kweli. Nilisema hivyo, kwa maneno hayo hayo, na nilikuona.

Nataka uyajue na mengine ambayo hukuyaona. Ulipokuwa unasoma, kabla hujafika kwenye lile neno, mimi tayari nilikuwa naomba. Sikuambii uongo sasa. Nilikuwa naomba, "Mungu, asikosee." Nimekaa mbele pale, macho nimefumba, watu wanadhani niko katika Roho, kumbe najua mstari unakuja na neno liko ndani yake. Ulipolisema nilicheka. Sikuwa nimelazimishwa na mtu. Nilicheka mapema kuliko wengine, ili nionekane niko upande wa wanaocheka. Derick ndiye aliyecheka baada yangu.

Tangu hapo imekuwa utani wa chuo. Mtu akichelewa ibada wanamwambia, "Umekosa nafasi, mahari yako amepewa mwingine." Mimi ni mwenyekiti, ningeweza kuukataza. Nimeutumia mara moja kwenye mahubiri, mwezi wa kumi na moja, ili wachangamke. Walichangamka.

Hapa wote wanajua mimi ni Mhangaza wa Kirushya, mwenyeji wa hapa hapa Ngara. Nilisema hivyo siku ya kwanza kwa sababu mtu alisema wanafunzi fulani ni wakimbizi na watu wakageuza shingo. Ukishasema hivyo kuna watu wa Kirushya kweli, wanakuuliza wewe ni wa ukoo gani, na unaongeza la pili. Katibu wetu Kezia ni wa Kanazi. Ana bibi mzaa mama ambaye anajua kila nyumba ya pande zile. Nimekuwa nikimkimbia bibi wa mtu ambaye sijawahi kumuona.

Nimefundisha uaminifu katika mambo madogo wiki sita. Kila nikisimama naangalia mlango.

Nisamehe, baba mdogo. Wazazi wangu walipofariki nilikuwa na miaka minne na hukuniuliza mimi ni wa nani. Naandika hili na nina aibu hata ya kuona mkono wangu ukiandika.

Naomba jambo moja. Usije Aprili. Si kwamba sitaki. Ukija itabidi nieleze, na bado wiki nane nimalize uongozi kwa heshima. Mwaka jana mwenzetu mmoja yatima alisimamiwa na mzazi wa rafiki yake, na baba yake Derick amekwisha kujitolea kunisimamia mimi. Naomba haya yabaki kati yetu. Nitakuja mwenyewe Juni, nipige magoti hapo sebuleni.

Fabrice


Bisibo
Jumapili ya Matawi, 24 Machi 2024

Mwanangu,

Marahaba. Theonest amepona, ila anasimulia ugonjwa wake kwa urefu kuliko alivyougua. Anjelika nilimsomea barua yako. Ulisema yabaki kati yetu, na mimi na wewe tukishakuwa na siri, Anjelika ndiye kati yenyewe. Alichukua jembe, akaenda kupalilia palipokwisha kupaliliwa.

Umeandika vizuri. Nasema hivyo kama mtu wa darasa la nne aliyemalizia elimu yake kwenye magazeti ya kufungia maandazi. Ila mwishoni umefanya jambo la ajabu. Umeungama kurasa mbili, halafu ukaniomba nikusaidie kuendelea. Umetubu na wiki nane za nyongeza.

Unaomba msamaha. Nilimwambia Anjelika nimekwisha kukusamehe tangu kwenye ule uji wa jikoni. Akasema, "Mtu aliyesamehe haandiki habari za kidole." Kwa hiyo jibu la hilo bado tunalitafuta hapa nyumbani.

Sasa na mimi nina langu. Nimekaa nalo tangu nilipoanza kukuandikia, na kila barua nimeimaliza kabla sijalifikia. Nilitaka nikuaibishe vya kutosha ili lisionekane. Leo tulikuwa tunaandamana na matawi, mimi mbele kama mzee wa kanisa, nikaona nimebeba tawi kama mtu wa maana.

Januari ya mwaka 2009 nilikupeleka kuandikishwa darasa la kwanza. Ulikuwa na miaka saba na ulikuwa umevaa shati la Jovina. Mwalimu wa kuandikisha akauliza, "Jina la mtoto?" Nikasema, "Fabrice Marcel." Wewe ukadakia, "Na Ndizeye." Nikakufinya nyuma ya mkono, hapa kwenye nyama. Ukanyamaza. Mwalimu akasema, "Anasemaje?" Nikasema, "Anataja rafiki yake." Akauliza, "Ninyi ni kabila gani?" Nikasema, "Wahangaza. Wa Kirushya." Tulipotoka nje ukaniuliza, "Baba mdogo, Kirushya ni wapi?" Nikakujibu, "Ni pale tunapotoka mtu akituuliza."

Huenda umesahau. Mkono wako haukusahau, na ulimi pia.

Babu yako alivuka kutoka Burundi mwaka sabini na mbili, mimi nikiwa mgongoni kwa bibi yako. Hapa Bisibo tumezika, tumeoa, tumebatiza. Lakini miaka ile ya kukuandikisha maneno ya kurudishwa watu yalikuwa mengi sokoni, na mimi niliogopa. Sioni kama nilikosea kuogopa. Nilichokosea ni kukufundisha kuogopa kama vile ni adabu. Jina Ndizeye alikupa baba yako Marcel wiki ulipozaliwa. Kwa lugha ya kwetu ni mtu anayesema, naamini. Kwa hiyo nilikutoa neno la kuamini mlangoni mwa shule ili usome, ukasoma mpaka ukawa mwenyekiti wa waaminio. Mimi ningekuwa Mungu ningecheka, halafu ningenyamaza.

Jioni ya siku ile ile nilikuwa na zamu ya kuongoza ibada ya nyumba kwa nyumba. Somo lilikuwa kusema kweli. Nilifundisha vizuri sana. Watu walibarikiwa.

Kwa hiyo Aprili sitakuja. Usidhani ni hasira. Nikiweka mkono kichwani kwako sijui nitakuwa naomba nini, kwa kuwa nusu ya kile ulichofanya pale mlangoni nilikifanya mimi, kwa mkono huo huo. Baba yake Derick akusimamie kama umeamua. Ni mtu mwema bila shaka, na l zake ziko sawa.

Aliyekufinya,
Idefonsi


Chuoni, Ngara
Jumanne, 7 Mei 2024

Baba mdogo,

Shikamoo. Msalimie mama mdogo, Jovina na Avelina. Theonest mwambie nafurahi amepona, nitasikiliza hadithi yote nikija.

Nilikuwa nimesahau kufinywa. Niliposoma nikakumbuka shati, lilikuwa na maua.

Jumapili ya tarehe ishirini na nane ndiyo tuliombewa. Ukumbi ulijaa. Wazazi walikaa mbele na vitenge vyao, wengine wametoka mbali. Mchungaji aliita majina. Kezia alisimama na mama yake, na bibi yake pia alikuja, yule ninayemkimbia, mzee mdogo mwenye macho makali. Derick akasimama na baba yake. Lilipofika jina langu baba yake Derick aliinuka tena, akafunga kifungo cha koti, akaja upande wangu anatabasamu.

Nilikuwa nimeamua kumkubali. Naomba uamini hivyo, nisije nikajipamba. Mpaka asubuhi ile nilikuwa nimeamua. Akaweka mkono kichwani kwangu na kuanza, "Ee Mungu, mtoto huyu ambaye hana baba..."

Nikasema, "Samahani mzee. Ninaye."

Akatoa mkono kama aliyegusa jiko. Mchungaji akasema, "Yuko wapi?" Nikasema, "Yuko Bisibo. Alikuja Oktoba, mkamwona. Alisoma somo."

Mtu mmoja nyuma akasema, "Yule wa mahari?" Ukumbi ukacheka.

Nikasema, "Ndiye. Anaitwa Idefonsi Niyongabo, ndiye aliyenilea. Derick aliniuliza kama ni wa kwetu nikasema ni mzee wa ndizi. Nilicheka kabla yenu. Na mimi si wa Kirushya, Kirushya sijawahi hata kulala. Babu yangu alitoka Burundi."

Kicheko kiliisha katikati. Nilisikia bibi yake Kezia akimwambia binti yake, na wala hakushusha sauti, "Nilisema mimi. Kirushya hatuna ukoo huo."

Halafu, baba mdogo, mtu akaanza pambio. Wakasimama, wakapiga makofi. Mchungaji alinikumbatia, akasema huu ndio ushuhuda wa mwaka. Wasichana wawili walilia. Hapo ndipo ninapotaka kukueleza jambo ambalo sijamwambia mtu. Nilipendezwa. Nilisimama pale napigiwa makofi kwa kukukana, na moyo wangu ukapima ni mahali gani ningetulia kidogo ili wasikie vizuri zaidi. Aibu ya Oktoba nilikuwa nimeizoea. Hii ni mpya.

Derick alinifuata nje. Akasema, "Kwa hiyo siku ile alikuwa nyuma ya mlango?" Nikasema alikuwepo. Akasema, "Bwana we. Na zile ndizi nilikula," akakaa chini kwenye ngazi. Kezia alipita akasema, "Mimi sikucheka siku ile. Nilikuwa nakutazama wewe ukicheka." Tangu hapo hajaniambia neno isipokuwa la kikao.

Mchungaji anaomba uje Jumapili ya pili ya Juni. Tusimame wote wawili mbele, niombe msamaha kwako hadharani, ili ushuhuda ukamilike. Wamekwisha kutangaza. Derick anasema atakupokea stendi mwenyewe na kukubebea mzigo. Naomba uje.

Mwanao,
Fabrice Ndizeye


Bisibo
Jumapili, 19 Mei 2024

Mwanangu,

Marahaba. Avelina ameota jino na sasa anauma watu anaowapenda. Maharage yamekomaa, tutaanza kung'oa wiki ya kwanza ya Juni kama mvua itatuachia.

Barua yako aliisoma Anjelika kwa sauti, nikamwomba anipe niisome mwenyewe, nikatoka nayo nje. Sitakuandikia nilifanya nini huko nje. Nilirudi, nikamwambia lile jibu tulilokuwa tunalitafuta limepatikana. Akasema, "Nimeona uso wako," akimaanisha kwamba hahitaji maelezo.

Umesema, "Ninaye," mkono wa mtu ukiwa kichwani kwako. Hilo nimelipokea. Uliposema ulipendezwa na makofi, hilo nimelipokea zaidi, maana hakuna aliyekulazimisha kuniambia.

Naona umepiga sahihi Ndizeye. Ni lako, litumie. Ila lizoee taratibu, usilivae kama mtu aliyenunua kofia na anataka kila mtu aigeukie. Mimi nilikwenda shuleni juzi kuuliza kama wanaweza kuliongeza kwenye daftari la mwaka ule. Mwalimu mkuu ni kijana, alinisikiliza vizuri. Alitafuta kabatini akarudi na vumbi. Daftari limeliwa na mchwa. Nilisimama pale nimejiandaa kuungama na hakukuwa na mahali pa kuungamia. Nikamwambia yeye yote. Akasema, "Pole mzee," akaniuliza kama nina shida nyingine.

Kuhusu Juni, mwambie mchungaji namshukuru na sitakuja. Pale kwenu nimekwisha kuonyeshwa mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa mzee wa ndizi. Mara ya pili, nikiwa sipo, nimekuwa mzee wa msamaha. Mara zote mbili hakuna aliyeuliza kama nimekula, isipokuwa wapishi. Ukinisimamisha mbele mara ya tatu watu watalia, wataimba, na mimi nitarudi ndani ya basi nikijiuliza walikuwa wanamlilia nani. Mimi si ushuhuda wako, Fabrice. Mimi ni baba yako mdogo, nina maharage.

Njoo wewe. Njoo wiki hiyo hiyo, uwaambie una kazi nyumbani, na usiwaambie zaidi. Kama Derick anataka kubeba mzigo, mlete, magunia yapo. Atalala kwenye kitanda cha mbao kilichovunjika na atasikia jinsi tunavyosema hapa kwetu siku nzima, mpaka asisikie tena. Sitaki apige magoti. Wewe pia usipige, sebule ni ndogo.

Jumapili utakwenda kanisani na sisi, utakaa benchi la nyuma pamoja na Jovina, umshike Avelina. Hakuna atakayekuita mbele. Mimi nina zamu ya kusoma somo, na nitasoma kwa mdomo huu huu nilionao.

Ukishuka stendi Biharamulo utakuta vijana wa bodaboda. Wengi ni wageni, hawakujui. Watakuuliza, "Bisibo kwa nani?" Kuna watu watakuwa wamesimama hapo wanasikiliza, kama kawaida ya stendi.

Wajibu.

Idefonsi Niyongabo